Enzi Iliyojimaliza: Mhadhara juu ya Mbio za Magari ya Spoti Marekani



Kila Agosti, katika rasi ya Monterey huko California, hukusanyika watu waliokuja kuyaangalia magari ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaona yakishindana katika siku zake. Mwaka 2016 Cobra ya kwanza kabisa ya Carroll Shelby, yenye namba ya chasisi CSX2000, ilipigwa mnada huko ikafika dola milioni 13.75. Miaka miwili baadaye Ferrari 250 GTO ikapata mnunuzi kwa zaidi ya dola milioni 48. Hakuna alumini wala mpira wenye thamani hiyo. Kinachonunuliwa ni wakati uliopita, na jioni hii nataka tuulizane ni kitu gani hasa katika wakati ule ambacho watu hawa wanakililia.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba palikuwa na enzi ya dhahabu, takriban kutoka mwaka 1948 hadi 1974, madereva wakiwa mashujaa na magari yakiwa mazuri, kisha wakaja watu wa sheria, watu wa bima na watu wa mafuta, wakaiua. Mimi sikubaliani nayo. Naamini enzi ile ilikuwa na kitu kimoja cha thamani kubwa, nacho ni uhuru wa mtu kuja uwanjani na wazo lake hata kama hakuna aliyewahi kuliona, akaliweka mbele ya wenzake likapimwa kwa saa. Uhuru huo hakuna aliyeupora. Ulijimaliza wenyewe, kwa nguvu zilezile zilizoufanya uvutie. Nitajaribu kueleza ilivyokuwa.

Tuanzie Watkins Glen, mji mdogo ulio kwenye ncha ya kusini ya ziwa Seneca, jimbo la New York. Cameron Argetsinger alikuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alikuwa na gari dogo la Kiingereza aina ya MG, na familia yake ilikuwa na nyumba ya mapumziko maeneo hayo. Alitaka mahali pa kushindana. Wakati huo mbio za magari Marekani zilikuwa hasa za kuzunguka: Indianapolis, pamoja na viwanja vya vumbi vya maonyesho ya kilimo, dereva akikata kona upande mmoja tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Barabara yenye vilima, madaraja na kona za pande zote mbili ilikuwa habari ya Ulaya. Argetsinger akachora njia ya kilomita 10.6 iliyopita katikati ya mji, ikapanda mlimani, ikavuka daraja la mawe, ikakatiza reli, kisha ikateremka kurudi mjini. Akawaendea viongozi wa mji, nao wakakubali. Tarehe 2 Oktoba 1948 barabara zilifungwa, treni zikazuiwa mpaka mbio ziishe, na Frank Griswold akashinda kwa Alfa Romeo iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mbio kuu ile ilikuwa ya mizunguko minane, haikufika hata kilomita 90. Chama kilichosimamia mchezo, Sports Car Club of America, SCCA kwa kifupi, kilichoundwa mwaka 1944, kilishikilia kwamba mshindani wa kweli ni yule asiyelipwa, kwa hiyo hapakuwa na fedha ya ushindi. Wapo waliofika kwa gari lilelile la kushindania, wakafungua taa na kioo cha mbele, wakakimbia, wakafunga tena kila kitu mahali pake na kurudi nalo nyumbani. Katika miaka miwili mitatu homa hiyo ilikwishaenea hadi Bridgehampton kwenye kisiwa cha Long Island, Elkhart Lake katika Wisconsin, na Pebble Beach huko California, ambako mwaka 1950 fundi kijana aitwaye Phil Hill alishinda kwa Jaguar XK120 akipita katikati ya misonobari.

Lakini miti haisogei. Na watu waliosimama kando ya barabara, wengine wakiwa wameketi ukingoni kabisa kama wanaosubiri gwaride, walikuwa na kamba au marobota ya majani makavu tu ya kuwakinga. Mwaka 1950 Sam Collier, mmoja wa ndugu walioianzisha hamu hii Marekani tangu kabla ya vita, alikufa Watkins Glen katika Ferrari. Septemba 1952, katika mtaa mkuu wa mji huohuo, gari moja liliwagusa watazamaji waliokuwa wamesogea mno. Mtoto wa kiume wa miaka 7 akafariki na watu wengine kadhaa wakaumia. Huo ukawa mwisho wa mbio za katikati ya mji. Pebble Beach ilidumu hadi Aprili 1956, Ernie McAfee alipougonga mti kwa Ferrari yake na kufa.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu masimulizi mengi hupita haraka. Viwanja vinavyopendwa leo vilizaliwa na misiba hiyo. Road America ya Elkhart Lake ilifunguliwa mwaka 1955 kwa sababu jimbo lilikuwa limekataza mbio katika barabara za umma. Laguna Seca ilijengwa mwaka 1957 katika ardhi ya kambi ya jeshi ya Fort Ord kwa sababu Pebble Beach ilikuwa imekwisha. Riverside na Lime Rock nazo ni za mwaka huo. Kati ya barabara za mji na viwanja hivyo kulikuwa na miaka michache ambayo mchezo huu ulipewa hifadhi na Jeshi la Anga. Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa kikosi cha ndege za mabomu ya masafa marefu, mwenyewe mpenzi wa magari aliyemiliki Allard, aliruhusu mbio zifanyike kwenye viwanja vya ndege vya kijeshi kuanzia mwaka 1952 hadi 1954, mapato yakisaidia ustawi wa askari. Sebring, huko Florida, ilitokana na uwanja wa namna hiyo: kambi ya zamani ya mafunzo ya marubani wa B-17, zege lililomwagwa vipande vipande, na kila kiungo kati ya kipande na kipande kikipiga chini ya gari kwa saa 12. Usiku, katika upana ule wa njia ya kurukia ndege, dereva aliweza kupoteza barabara asijue ameipotezea wapi.

Na nani aliyekuwa akishindana? Sehemu kubwa walikuwa wenye mali. Briggs Cunningham, aliyekwenda kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1950 na Cadillac mbili na baadaye akatengeneza magari yenye jina lake yaliyomaliza nafasi ya tatu huko mwaka 1953 na 1954, alikuwa tajiri wa kurithi. Ndiye pia aliyekuwa nahodha wa jahazi lililolinda Kombe la Amerika mwaka 1958. Lance Reventlow, aliyejenga Scarab ambayo Chuck Daigh aliitumia kuzishinda Ferrari pale Riverside mwaka 1958, alitokana na ukoo wa maduka ya Woolworth. Mlango ulikuwa na mwanya, hata hivyo. Denise McCluggage, mwandishi wa habari aliyetaka kuendesha yale aliyokuwa akiyaandika, alishinda daraja la magari ya GT pale Sebring mwaka 1961 katika Ferrari yake, akipokezana usukani na Allen Eager, mpiga saksafoni wa jazi. Viwanja vingi bado vilikuwa vikiwapangia wanawake mbio zao za pembeni. Kwa Mmarekani mweusi mwanya ulikuwa mwembamba zaidi. Willy T. Ribbs aliposhinda mbio tano za mashindano ya Trans-Am katika mwaka wake wa kwanza, ulikuwa mwaka 1983, miaka tisa baada ya enzi tunayoizungumza kufungwa. Anayeitamani enzi ile aitamani akijua lango lake lilikuwa na upana gani.

Shelby tunamjua sana, kwa hiyo sitakaa kwake. Mtu wa Texas aliyewahi kufuga kuku, aliyekimbia akiwa amevaa ovaroli ya mistari ya shambani, akashinda Le Mans mwaka 1959 na Roy Salvadori katika Aston Martin, akaacha kuendesha mwaka uliofuata kwa sababu ya moyo, kisha akachukua gari jepesi la kampuni ya AC kutoka Uingereza akalipandikiza injini ya Ford ya V8. Cobra ikatokea hapo, na toleo lake lililofunikwa paa, lililochorwa na Pete Brock, likaipa Marekani ubingwa wa dunia wa magari ya GT mwaka 1965. Ford wakaendelea na GT40 na kushinda Le Mans mara nne mfululizo tangu 1966. Hadithi hiyo imetengenezewa sinema na kusimuliwa kila mahali. Inapendeza. Lakini kiini cha jambo langu nakiona mahali pengine, nje ya mji wa Midland, Texas, katika nchi tambarare ya visima vya mafuta.

Huko Jim Hall, kijana aliyesomea uhandisi, pamoja na mwenzake Hap Sharp, walijenga karakana, na kando yake wakajenga uwanja wao wenyewe wa majaribio walioupa jina la nyoka wa eneo lile. Magari yao waliyaita Chaparral. Nataka tuliangalie moja kwa karibu, aina ya 2E ya mwaka 1966.

Lilikuwa gari jeupe, la chini sana, lisilo na paa. Nyuma yake zilisimama nguzo mbili zikibeba bawa pana juu kuliko kichwa cha dereva. Wengine walikuwa wamekwishaanza kufikiria kuigandamiza hewa juu ya gari ili matairi yashike barabara. Hall alikwenda mbele zaidi kwa mambo mawili. Kwanza, nguzo za bawa hakuzifunga kwenye bodi. Alizifunga kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, hivi kwamba uzito wa hewa ulishuka moja kwa moja kwenye tairi bila kuzikandamiza springi na kulilaza gari. Pili, bawa liligeuka. Gari lilikuwa na gia zisizohitaji klachi, zilizotengenezwa kwa msaada wa siri wa General Motors, kwa hiyo mguu wa kushoto wa dereva haukuwa na kazi. Hall akaupa kazi. Katika barabara iliyonyooka dereva alikanyaga pedali, bawa likalala, hewa ikapita bila kizuizi. Alipoifikia kona aliachia pedali ili akanyage breki, na bawa likasimama lenyewe na kulisukuma gari chini, wakati uleule lilipohitaji kushika. Hata akipatwa na hofu na kusahau kila kitu, mwili wake ungefanya linalotakiwa. Rejeta zikaondolewa puani na kuwekwa ubavuni, jambo ambalo leo magari mengi ya mbio yanalo.

Oktoba 1966, pale Laguna Seca, Phil Hill, yuleyule fundi wa Pebble Beach, sasa akiwa ni mtu aliyekwishakuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1961, alishinda kwa gari hilo. Ulikuwa ushindi pekee wa Chaparral katika Can-Am yote, mashindano ya magari ya spoti ya Kanada na Marekani. Naomba mlishike hilo. Gari lililobadilisha namna ya kufikiri ya mchezo mzima lilishinda mara moja tu katika mashindano yake makuu.

Can-Am yenyewe ilikuwa imeanza mwezi mmoja kabla, Septemba 1966, kule Mont-Tremblant katika Kanada. Sheria zake zilienea karatasi chache. Gari liwe na viti viwili walau kwa jina, magurudumu yafunikwe, vipimo vichache vya usalama vitimie. Ukubwa wa injini haukuwa na kikomo, na uzito vilevile haukuwa na kiwango cha chini. Na zawadi zilikuwa kubwa, maana ule msimamo wa SCCA wa kutolipwa ulikuwa umekwishavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. John Surtees alitwaa ubingwa wa kwanza kwa Lola. Kisha wakaingia Bruce McLaren na Denny Hulme, watu wa New Zealand, na magari yao ya rangi ya papai lililoiva. Waliyatengeneza Uingereza katika karakana ndogo, wakatia ndani yake V8 kubwa za Chevrolet, na wakayajaribu mno kabla ya msimu. Hakukuwa na mwujiza wowote ndani yake. Kila kitu kilifungwa sawasawa na kukaguliwa mara mbili. Walichukua ubingwa mara tano mfululizo, 1967 hadi 1971, wa mwisho ukiwa wa Peter Revson. Mwaka 1969 mbio zilikuwa 11, nao wakashinda zote 11.

Wanaoikumbuka enzi hiyo husema kwamba kila Jumapili kulikuwa na vita. Rekodi zinasema vinginevyo. Jumapili nyingi za mwaka 1969 zilikuwa gwaride la magari mawili ya rangi moja. Uhuru wa sheria haukuleta ushindani ulio sawa. Ulimpa nafasi yule aliyejiandaa vizuri kupita wote awaache wote, na hakuna kanuni yoyote iliyomrudisha nyuma awasubiri.

Tarehe 2 Juni 1970 Bruce McLaren alikuwa Goodwood, Uingereza, akilijaribu gari la msimu mpya. Sehemu ya bodi ya nyuma ikafunguka katika mwendo mkali, gari likamtoka, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 32. Siku 12 baadaye msimu ulifunguliwa Mosport, Kanada, na timu yake ilikuwepo. Dan Gurney akakaa kwenye kiti cha marehemu na kushinda. Hulme alimaliza wa tatu akiwa na mikono iliyofungwa bandeji, kwa kuwa alikuwa ameungua vibaya Indianapolis mwezi uliotangulia. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado sijui niite ushujaa au niite hali ya watu waliokuwa wamezoea kifo kupita kiasi. Pale Sebring mwaka 1966, katika mbio moja, alikufa dereva mmoja, na katika ajali nyingine wakafa watazamaji wanne. Mbio ziliendelea hadi saa ya 12.

Mwaka huohuo wa 1970 Jim Hall alileta wazo lake la mwisho katika mashindano haya. Aina ya 2J haikuwa na bawa wala umbo la kupendeza. Ilionekana kama sanduku. Nyuma yake zilikuwa feni mbili zilizozungushwa na injini ya pili, ndogo, ya gari la thelujini, na pembezoni mwa bodi zilishuka sketi za plastiki ngumu hadi karibu kugusa lami. Feni zilinyonya hewa kutoka chini ya gari, na gari likabanwa barabarani hata likiwa limesimama. Gari la kawaida hupata mshiko wa hewa likikimbia na huupoteza likipunguza mwendo, yaani kwenye kona ya polepole ndipo linapobaki bila msaada. Gari hili halikujali mwendo. Jackie Stewart aliliendesha Watkins Glen akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Vic Elford akaanza wa kwanza Road Atlanta, na pale Riverside alimwacha mpinzani wa karibu kwa zaidi ya sekunde mbili katika mzunguko mmoja wa kutafuta nafasi, tofauti ambayo katika mchezo huu ni kama kushindana na watu wa daraja jingine. Halikushinda. Mara injini, mara kifaa cha feni, kila mara kitu kiliharibika.

Lakini washindani wa Hall walikwishaona linakokwenda. Walilalamika kwamba linawarushia mchanga na kokoto wanaolifuata. Walisema feni ni kifaa cha hewa kinachosogea, na vifaa hivyo vilikuwa vimekatazwa. Msimu ulipokwisha likapigwa marufuku, na Hall akaondoka Can-Am.

Ndugu zangu, hapa ndipo mahali ninapoona enzi ile ikifa, miaka mitatu kabla ya msukosuko wa mafuta. Walioshinikiza marufuku walikuwa washindani wenyewe, watu walewale walionufaika na uwazi wa sheria. Siwalaumu. McLaren ilikuwa imempoteza mwanzilishi wake na ilikuwa na mafundi wa kuwalipa. Kumruhusu Hall kungemlazimu kila mtu aanze upya. Mashindano yasiyo na kikomo hustahimilika pale ambapo hakuna anayekaribia kikomo. Alipotokea mtu mmoja aliyekigusa, wengine wote waligundua kwamba wanakihitaji.

Baada ya hapo kilichobaki ni fedha. Porsche walikuja na 917 zenye turbo chini ya timu ya Roger Penske, wakaimaliza McLaren mwaka 1972 kwa mkono wa George Follmer, na mwaka 1973 Mark Donohue alipewa 917/30, injini ya silinda 12 yenye nguvu za farasi zipatazo 1,100 siku ya mbio na zaidi ya hizo kwenye mashine ya kupimia. Alishinda mbio sita za mwisho kati ya nane. McLaren walikwishaondoka. Shirika lipi lingejenga gari la kulishinda lile, kwa bajeti gani, na kwa faida ipi? Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta. SCCA wakaweka kikomo cha matumizi ya petroli kwa mwaka 1974. Porsche hawakurudi, mbio zikabaki tano, Jackie Oliver akatwaa ubingwa kwa Shadow, na mashindano yakafa mwezi Agosti. Uhaba wa mafuta uliwapa watu sababu ya kusema kwa sauti jambo walilokwishalijua.

Na sasa angalieni tarehe. Mwaka huohuo wa 1974 Steve Earle alianzisha pale Laguna Seca mbio za magari ya kihistoria za Monterey, zile ambazo baadaye minada niliyoanza nayo ilikuja kukua kando yake. Mchezo ulikufa na kumbukumbu yake ikaanza kukimbia katika mwaka mmoja. Magari yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu yakaanza kuokotwa.

Kumbukumbu huchagua. Chukueni Sebring ya mwaka 1970. Steve McQueen, nyota wa sinema, alimaliza wa pili katika Porsche 908, mguu wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta baada ya ajali ya pikipiki. Picha ya mguu ule ipo kila mahali. Lakini sehemu kubwa ya zile saa 12 iliendeshwa na Peter Revson. Na waliokuwepo walishuhudia jambo kubwa kuliko hilo: Mario Andretti, ambaye gari lake lilikuwa limekwishaharibika, aliingizwa katika Ferrari nyingine ya timu ikiwa imebaki muda mfupi, na baada ya saa 12 akalishinda gari la McQueen na Revson kwa sekunde zisizofika 30. Kumbukumbu ya watu imemwacha Revson nje ya picha. Machi 1974 alikufa Kyalami, Afrika Kusini, akijaribu gari la Formula One. Donohue alimfuata Agosti 1975, siku chache baada ya ajali yake Austria.

Sisemi watu wasikumbuke. Riverside imekuwa maduka ya Moreno Valley, Bridgehampton imekuwa uwanja wa gofu, na pasipokuwa na wakumbukaji hata habari hii tusingekuwa nayo. Watkins Glen tangu miaka ya 1990 hufunga tena barabara zake mara moja kwa mwaka, magari ya zamani yakapita njia ile ya 1948 kwa mwendo wa taratibu. Mimi nalipenda tendo hilo. Ningependa tu aliyekufa mwaka 1952 naye atajwe kwenye kipaza sauti kabla magari hayajaondoka, maana barabara ile ni yake pia.

Ninachopinga ni kuitafuta enzi ile katika rangi na umbo. Leo Cobra ni miongoni mwa magari yanayoigwa zaidi duniani. Mtu hununua bodi ya faiba, akatia V8, akaamini ameshika kipande cha mwaka 1965. Amepata bodi tu. Shelby mwenyewe asingeijenga tena Cobra katika mwaka wa leo, angejenga kitu ambacho sisi tungekikunjia uso, kama walivyolikunjia uso lile sanduku la Jim Hall.

Kitu kama hicho kilitokea, na nitamalizia nacho. Mwaka 2012 waandaaji wa Le Mans walitoa nafasi moja nje ya mashindano rasmi kwa gari lolote lenye wazo jipya. Aliyeichukua ni Mwingereza Ben Bowlby, na gari lake, DeltaWing, lilijengwa California katika karakana ya Dan Gurney, yuleyule aliyekaa kwenye kiti cha McLaren pale Mosport. Lilikuwa na umbo la mkuki. Matairi ya mbele yalikuwa na upana wa sentimita 10 tu, yakiwa yamekaribiana. Uzito wake, nguvu ya injini yake na mafuta yake vyote vilikuwa karibu nusu ya magari mengine, na bado lilikwenda nayo. Wengi walisema halitakata kona. Lilikata. Saa sita baada ya kuanza gari jingine liligonga likalitupa ukutani. Dereva wake, Satoshi Motoyama, alishuka na kujaribu kulitengeneza kwa takriban saa moja na nusu, mafundi wake wakiwa upande wa pili wa uzio, wanamwelekeza kwa maneno, kwa sababu kanuni ziliwazuia kuligusa gari nje ya gereji yao. Hakufaulu.

Mwezi Oktoba gari hilo likapelekwa Road Atlanta, kwenye mbio za Petit Le Mans. Wakati wa mazoezi liligongwa tena na Porsche, likabiringika. Mafundi walilijenga upya kwa wakati. Siku ya mbio Gunnar Jeannette na Lucas Ordóñez waliliendesha tangu mwanzo hadi bendera, dhidi ya magari yenye nguvu karibu mara mbili ya zake, na likamaliza la tano.